Kitunguu Kiungue Kwanza

3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naandika maana simu kati yetu imekuwa mchezo wa kuigiza. Mara ya mwisho nilikuuliza habari ya magoti, ukanijibu kuhusu kuku wa jirani. Najua si kosa lako, ni ile mitambo ya kufuma uliyokaa nayo miaka thelathini kiwandani. Basi tuandikiane, angalau karatasi haihitaji kupaza sauti.

Mimi mzima. Bado niko kwenye karakana ya miwani, nyuma ya duka, nasaga lenzi kutwa. Bosi ameniongezea mashine ya pili, mikono hajaniongezea.

Nina ombi dogo. Nimeanza kupika, usicheke. Nataka kupika ile supu ya Bibi uliyokuwa unatupikia tulipokuja likizo, ile ya rangi ya kahawia, nzito. Harufu yake naikumbuka mpaka leo, ila kilichomo ndani sikijui. Niandikie unavyoipika, hatua kwa hatua, maana mimi jikoni ni mgeni.

Nyumbani hatujambo.

Mwanao,
Fundi miwani


9 Machi

Kwako Fundi,

Marahaba. Magoti yapo, yananiamsha kabla ya jogoo. Kuku wa jirani bado wanakula mchicha wangu.

Mtu ambaye chai yake ilikuwa inamwagika kabla haijachemka leo anataka supu. Haya. Andika:

Mfupa mmoja wa ng'ombe wenye uboho. Maji yafunike mfupa, yapite kidole kimoja juu. Uchemke mpaka nyama ianze kuuacha mfupa yenyewe, usiuharakishe. Povu liondoe. Kitunguu maji kimoja kikubwa, kikate, kikaange na mafuta kidogo pembeni mpaka kiwe tayari. Nyanya moja, si zaidi, isije ikawa mchuzi. Karoti moja, viazi viwili, konzi moja ya mchele. Vyote vitie kwenye supu, viive mpaka viache ubishi. Chumvi mwishoni. Limau ukishaepua.

Ndiyo hiyo. Hakuna uchawi. Bibi yako alikuwa akisema supu ni maji yaliyosikiliza mfupa.

Umesema nyumbani hamjambo. Nimesoma.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi,

Shikamoo na asante. Nimejaribu mara mbili, nakupa ripoti.

Kwanza, kidole cha nani? Changu ni chembamba. Mara ya kwanza supu ilikauka nikabaki na uji wa viazi.

Mara ya pili mwenye bucha hakuwa na mifupa, nikachukua shingo za kuku. Karoti zilikuwa zimekwisha sokoni, nikatia kipande cha boga. Mchele nilitia konzi mbili ili iwe nzito. Halafu nikaviponda vyote na kuvichuja. Chujio letu lina matundu makubwa, nikatumia kitambaa kipya cha kufutia lenzi. Ilitoka laini kama maziwa ya mgando, na rangi yake nzuri tu, manjano. Tumeonja. Siyo yenyewe.

Naomba uniambie: kitunguu kinakuwa tayari kikiwaje? Mimi nilikitoa kilipoanza kuwa laini, nikiogopa kisiungue. Je, limau linaweza kuachwa? Linachoma. Na je, naweza kuigandisha na kuipasha kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko?

Mwanao


20 Machi

Fundi,

Mimi ni kiziwi wa masikio tu.

Umeandika "tumeonja". Wewe na nani? Hujaolewa, hufugi paka, na unaishi na mtu mmoja. Halafu mtu wa miaka thelathini na nne mwenye meno yake yote hachuji supu kwa kitambaa cha lenzi. Wala limau halimchomi. Wala hali kijiko kwa kijiko.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nani anakula hiyo supu, na ana nini?

Usinijibu kuhusu kitunguu kabla hujanijibu hilo.

Shangazi yako


24 Machi

Shangazi,

Nisamehe. Ni Baba.

Mwezi wa kumi na mbili alianza kukwaruza akiongea. Tukadhani vumbi. Januari wakamkuta na uvimbe kooni, na Februari wakautoa. Sauti imekwenda nao. Daktari alituambia mapema kwamba haitarudi, kwa hiyo hakuna aliyetudanganya. Ana daftari dogo shingoni, lina kamba, na kalamu yake ileile nyekundu aliyosahihishia vitabu vya watu pale kiwanda cha uchapaji. Nikimwandikia kitu ananirudishia kimesahihishwa.

Sikukwambia kwa kuwa najua hamjasemezana tangu Bibi azikwe, huu mwaka wa tisa. Niliogopa ukijua supu ni yake ungekunja barua na kuiweka kando. Nimekosa kukudhania hivyo.

Tatizo ni kula. Hospitali wanataka kila kitu kiwe na uzito wa uji, kisiwe na chembe hata moja. Nimempa uji wa kila nafaka, maziwa, viazi vya kupondwa. Anameza vijiko vitatu, anageuza uso ukutani. Wiki ya pili baada ya upasuaji nilimuuliza, "Baba, roho yako inataka nini?" Akaandika: *Supu ya nyumbani.* Nikasema, "Ile ya Bibi?" Hakuitikia wala kukataa. Nikamuuliza inapikwaje. Akakaa na kalamu muda mrefu, kisha akaandika: *Muulize aliyebaki nayo.*

Ndiyo nikakuandikia.

Kila ninayopika anaionja. Haitemi, ana adabu zake. Anaandika *Siyo*, anaweka nukta, anafunika daftari.

Nakuomba, Shangazi. Kama kuna kitu nakikosea, niambie.

Mwanao


8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Leo siku ya kumi na tano sijapata neno lako. Labda posta, labda magoti, labda umekasirika. Kama ni hasira, unayo haki, nikasirikie mimi.

Naandika haraka nikiwa karakanani, karatasi iko juu ya mashine. Baba alikuwa na kilo sitini na moja kabla ya upasuaji. Jana amepimwa, arobaini na nane. Matibabu ya mionzi yalitakiwa yaanze mwezi uliopita ili uvimbe usirudi, lakini hawamwanzishi mtu aliye chini ya hamsini, wanasema mwili hautahimili. Afisa lishe ni mama mmoja mpole, haongei kwa mafumbo. Amesema: "Tumpe mpaka mwisho wa mwezi. Asipoongezeka tutamtoboa tumbo tumlishe kwa mpira." Baba alisikiliza yote. Akaandika, akamgeuzia daftari: *Siyo mimi.* Yule mama akamwambia, "Basi kula, mzee wangu."

Nimepika supu mara kumi na moja sasa. Nimepata mfupa wa uboho, karoti ninazo, kidole nimeazima cha jirani mnene. Bado siyo.

Sijui nikuombe nini tena. Kama hutaki kuandika, nitumie hata kipande cha karatasi tupu nijue umepata barua.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Barua zako zote nimezipata, posta haina kosa. Nilikaa nazo. Nilikuwa naitoa ile ya tarehe 24 kwenye kopo la sukari, naisoma, nairudisha. Mtu mzima hovyo. Hii ya leo imenitoa kitandani.

Nianze na lililo muhimu, upate kupika hata kabla hujamaliza kusoma. Kitunguu kiungue. Si kuwa laini, si kuwa kahawia. Kiungue kabisa, pembeni kiwe cheusi, moshi utoke, mpaka ujilaumu. Hapohapo mimina maji ya moto juu yake na ukwangue chini ya sufuria kwa mwiko, rangi yote iingie kwenye maji. Rangi ya ile supu inatoka hapo, harufu inatoka hapo.

Niliacha kukwambia makusudi. Uliponiandikia mara ya kwanza nilijua ni ya nani. Wewe hupiki. Nikakupa supu isiyo na roho nikasema na anywe hiyo. Sikujua kama anaumwa. Nilipojua, aibu ikanifunga mkono. Siku kumi na tano za mgonjwa zimepotea juu ya ukaidi wangu, na hilo nitalijibu mimi mwenyewe.

Sasa jambo la pili. Ile si supu ya Bibi yako.

Nilikuwa na miaka sita, kaka kumi na mmoja. Mama alilazwa hospitali ya mbali, miezi miwili. Baba yetu alikuwa safarini na kazi zake. Jirani alituletea chakula, mimi nikagoma. Nilisema sili mpaka Mama arudi. Siku ya tatu nikaanza kuanguka. Kaka akaweka kitunguu jikoni, cha mwisho kilichokuwamo ndani, akaja chumbani kugombana na mimi nile. Tulipogombana kitunguu kikaungua. Hakuwa na kingine. Akakimwagia maji, akatia viazi viwili na konzi ya mchele iliyobaki kwenye gunia, na kamfupa ambako jirani alikuwa amempa mbwa wake halafu akabadili mawazo. Akaniletea bakuli akasema, "Mama ametuma salamu. Amesema hii ndiyo supu yake anayokula huko hospitali, na wewe uile, mle pamoja." Nikala. Nikala miezi miwili.

Mama aliporudi nikamwambia nataka supu yake. Akanitazama, akamtazama kaka. Akasema, "Nimeisahau kidogo, kaka yako atanikumbusha." Akasimama jikoni mtoto akimfundisha. Mpaka anazeeka aliipika hivyohivyo, na kila mtu akaiita yake. Mimi nilikuja kuambiwa ukweli nina miaka ishirini.

Kwa hiyo baba yako anaijua supu hiyo kuliko mimi. Kwa nini amekutuma kwangu, muulize yeye.

La tatu ni zito, na nakuomba likae kwako.

Miezi minane ya mwisho Mama hakumjua kaka. Mimi alinijua kwasababu nilikuwa mbele yake kila siku, na siku nyingine hata mimi alinipotea. Kaka alimpotea kabisa. Nikimwonyesha picha yake ukutani ananiuliza, "Huyu mume wa nani?" Kaka alikuwa anaandika kila mwezi, "Nataka kuja kumwona Mama." Ningemwachaje aje? Alikuwa kipenzi chake. Nikamjibu njoo mvua zikiisha. Nikamjibu nyumba inapakwa rangi. Nikamjibu Mama ana mafua, na kila barua nikamalizia, Mama anakusalimu. Hakuwa anamsalimu. Nilikuwa namwandikia salamu mimi.

Mama alipofariki tulimsubiri mpaka jioni ya siku ya pili, barabara ilikuwa imekatika kwa mafuriko. Watu wakasema haiwezekani tena. Alifika asubuhi yake, akakuta udongo mbichi. Akasimama mlangoni mbele ya watu wote akaniambia, "Ulinifungia mlango akiwa hai, umenifungia na akiwa maiti." Masikio yangu yalikuwa yamekwisha kuharibika, lakini hilo nililisikia lote.

Ningemjibu nini? Kwamba sikukufungia, ila mama yako hakujui? Nikanyamaza. Afadhali anichukie mimi kuliko ajue hilo.

Sasa umejua wewe. Ichome hii barua ukishapika.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu na nitakueleza kwa nini, kisha unihukumu.

Barua yako ilifika Jumatano tarehe 16 asubuhi nikiwa kazini. Mleta barua alimkabidhi Baba mkononi. Alitambua mwandiko wako kwenye bahasha. Aliifungua. Sikuwepo kumzuia, na nisingeweza.

Nilirudi saa kumi na moja jioni nikakuta jirani mnene amesimama mlangoni kwetu na ndoo ya maji. "Kwenu kunaungua," akaniambia, "nagonga hafungui mtu." Nikaingia. Moshi umejaa mpaka sebuleni. Baba yuko jikoni na fulana, mkono mmoja ameegemea meza maana miguu haimwamini, mwingine una mwiko. Kitunguu kwenye sufuria kimekuwa cheusi. Nikakimbilia kuzima moto. Akanyanyua kidole, hivi, kama mwalimu. Akavuta daftari akaandika: *Bado. Pembeni tu. Katikati haijafika.*

"Baba, watu wanadhani nyumba inateketea."

*Wape supu.*

Nikafungua madirisha, nikamtuliza jirani. Alipomimina maji ya moto ile sauti ikasikika mpaka kwenye ngazi, na harufu ikapanda. Shangazi, nilirudi kuwa na miaka tisa papo hapo, niko kwenye kibaraza chenu na magoti yenye vidonda. Mimi ndiye niliyeponda na kuchuja, kwa kitambaa kile kile, mkono wake ulikuwa umechoka. Akakaa mezani. Bakuli moja, dakika arobaini. Alipomaliza akaligeuza daftari kwangu. Nilitegemea *Ndiyo*. Ameandika: *Chumvi.*

Anakula mara tatu kwa siku. Nyumba yetu inanuka kama ghala lililoungua na majirani wamezoea. Mnene anatuma kibakuli. Jana amepimwa: hamsini na gramu mia mbili. Afisa lishe akaipiga mizani teke kidogo kuhakikisha haijakwama. Hawamtoboi tumbo. Mionzi inaanza Jumatatu tarehe 12 Mei, wiki sita.

Barua yako sikuichoma. Nilipoitafuta nikaikuta imekunjwa chini ya mto wake. Nilimwambia, "Shangazi alisema hii ni ya kwangu peke yangu, na ilikuwa siri." Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Siku kumi na mbili hakuandika lolote kuhusu hilo. Kila siku alikuwa anaanza karatasi, anaichana. Leo amenipa hii bahasha, ameifunga mwenyewe kwa gundi na juu yake amebandika utepe, kama vile mimi ndiye mwizi wa barua humu ndani.

Sijui imeandikwa nini. Naituma na hii.

Mwanao


29 Aprili

Kipunje,

Sijakuita hivyo tangu uanze kazi kiwandani. Sina jina lingine la kuanzia.

Nimesoma barua isiyo yangu. "Kwa sababu" ni maneno mawili. Mengine hayana kosa.

Supu ile ningeweza kumwandikia mtoto kwa mistari sita. Nilishika kalamu niiandike. Nikaona nikimwandikia, atapika, nitakula, na itakuwa imeishia hapo. Nilitaka akuandikie wewe. Sikuwa na njia nyingine ya kugonga kwako. Halafu ulipomtumia supu bila kuunguza kitunguu nilijua umejua ni mimi, na umenikatalia. Nikasema basi. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia mtoto kuhusu kitunguu, na kila asubuhi sikumwambia. Tumezaliwa tumbo moja, huo ukaidi hatukuuokota njiani. Na si kwamba nilikuwa nawakatalia chakula kwa makusudi. Baada ya dawa zao kila kitu kina ladha ya msumari. Kilichoungua tu ndicho kinachonifikia.

Sasa lile la Mama.

Nilikuja. Hukujua. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka ule wa mwisho. Nilichoka na mvua zako na rangi zako za nyumba. Nikapanda basi bila kukuandikia. Nilifika saa nne asubuhi, wewe umekwenda sokoni. Mama akanifungulia mlango. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani, amelifunga vifungo kombo. Akanitazama vizuri, uso kwa uso, akaniuliza, "Umekuja kusoma mita ya maji?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akanionyesha ilipo. Nikainama nikaisoma. Sikuwa na kitabu, nikaandika namba kwenye kiganja. Nikamshukuru. Nikaondoka, nikakaa kituoni mpaka basi la mchana.

Sikukuambia. Nilijua kwa nini unanizuia, kuanzia siku ile nilijua, na nikaendelea kukuandikia barua za kuomba kuja ili usijue kwamba nimejua. Nawe ukaendelea kunitumia salamu zake. Nilizihitaji zile salamu. Nilizisoma nikijua ni zako.

Kwa hiyo maneno niliyokuambia mlangoni siku ile yalikuwa ya uongo. Hukunifungia mlango. Mlango ulifunguliwa, nikaingia, nikatoka kama mtu wa maji badala ya kukaa chini na kumwambia mimi ni nani. Sikuweza kujisemea hilo mbele ya watu. Nikakutupia wewe.

Nimesahihisha maandishi ya watu miaka thelathini na minane. Hilo langu nimeliacha miaka tisa.

Nisamehe, kama unaweza. Kama huwezi, nimeelewa.

Tarehe 12 wananianzishia mionzi. Sikuandikii kukuomba huruma. Ni taarifa.

Kaka yako


5 Mei

Kaka,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa.

Niliporudi sokoni siku ile Mama aliniambia mtu wa mita amekuja. Nikamwambia, "Mama, mtu wa mita alikuja Jumatatu, umesahau." Akanikasirikia. Akasema huyu ni mwingine. Yule wa Jumatatu anaingia na viatu vyake vya matope, huyu kavivua mlangoni bila kuambiwa, kaongea kwa upole, kamwita mama. Akasema, "Yule kijana mama yake amemlea." Alilirudia hilo mpaka jioni. Mimi nikadhani ameota, nikamwambia haya Mama, amemlea, kula.

Sikuwa na habari kwamba nimebeba ujumbe wako miaka yote hii. Ungekuja kunigombeza mwaka ule ule, ungeupata mapema.

Nimelia, nimemaliza. Sasa tuongee.

Maneno yako ya mlangoni yaliniuma na bado yanauma. Barua moja haiyafuti, na mimi si mtu wa kujifanya. Nitakuja nayo, tukae nayo mezani, wewe na kalamu yako mimi na mdomo wangu, tuone yanaishaje. Na mimi nina yangu ya kujibu. Niliacha mgonjwa anayeyuka kwa kitunguu kimoja. Hilo uniambie unavyotaka, sitakukatiza. Nikikukatiza hutasikika, na nisipokukatiza sisikii, kwa hiyo hatutagombana sana.

Kiwandani walinizoesha kuamka saa kumi, basi la kwanza haliwezi kunipita. Jumapili tarehe 11 nitakuwa kwenu kabla ya saa nane mchana, na Jumatatu nakwenda hospitali na wewe. Mwambie Fundi akaendelee na lenzi zake, asiombe ruhusa kazini. Hizo wiki sita nitakaa mimi. Mchicha nimemwachia jirani, maana ni wa kwake sasa kwa mdomo wa kuku wake. Naleta mto wangu na blanketi, msinitandikie chochote.

Mwambie mtoto asitoke kunipokea kituoni, nitauliza njia. Nitagonga kwa nguvu. Mkiniitikia kutoka ndani sitasikia, na wewe huna cha kuitikia. Basi nyanyuka, uje unifungulie mwenyewe.

Kipunje